ISO 63 za mikanda ya familia: TV haizioni, na mama anataka "ile ya kubonyeza picha"

KitindaMimba, Moshi

Wakuu habari za jioni. Nimekwama, naomba msaada wa mtu aliyewahi kufanya hili kwa mkono wake.

Nyumbani kwetu Kibosho kuna kabati la kioo sebuleni, lile la vyombo vya wageni wasiokuja. Rafu ya chini imejaa CD na DVD: harusi za kaka zangu watatu, send-off ya dada, kipaimara changu, jubilei ya baba na mama, misiba miwili, na kwaya ya mama. Kuanzia 2003 hadi 2014 hivi. Deki ilikufa mwaka jana. Ukiipa diski inaizungusha, inakohoa, inaitema. Basi nikabeba mzigo wote kwenye boksi la sabuni nikampelekea kijana mmoja wa stationari hapa mjini, akanitolea kila diski kwa shilingi 1,000 na kuniwekea kwenye diski ya nje ya TB 1. Faili 63, zote zinaishia na .iso, zimekula kama GB 230. Nikalipa, nikashukuru, nikajua kazi imekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza. Nikichomeka diski kwenye TV, folda iko tupu. Si kwamba inagoma kucheza, haizioni kabisa. Kwenye laptopu yangu ya Windows 10 nikibofya mara mbili haichezi, inazuka diski mpya ya E, ndani kuna folda ya VIDEO_TS, na AUDIO_TS ambayo haina kitu. Nikanakili zile VOB, faili za video zilizomo humo, kwenye flashi, TV ikazisoma, nikashangilia. Lakini kila dakika 25 hivi picha inakatika, unarudishwa kwenye orodha, unaanza kutafuta ipi inafuata. Kwenye harusi ya kaka mkubwa ilikatika pale pale MC anaposema "na sasa naomba ndafu iingie". Ndafu haikuingia. Tukabaki tunatazama majina ya faili.

Nikasema basi ninakili ISO yenyewe kwenye flashi ya GB 32. Inaniambia faili ni kubwa mno, na flashi iko tupu! Hapo nikaanza kuhisi narogwa. Halafu kuna nane hazifunguki popote. Na majina ndiyo usiseme: DVD_VIDEO, DVD_VIDEO(1), DVD_VIDEO(2), NEW, NEW2, ROSE.

Lakini shida yenyewe hasa ni mama. Ana miaka 71. Nilimchezea zile VOB, akatazama kidogo akasema, "Siyo hii. Mimi nataka ile ya kubonyeza picha." Anamaanisha menyu. Mkanda wa kaka una picha nne ndogo zimepangwa juu ya maua, Nyumbani, Kanisani, Ukumbini, Matarumbeta, na wimbo unapiga kwa chini. Mama alikuwa anakwenda moja kwa moja Kanisani, anaitazama kwaya yake ikiimba, anazima. Hivyo ndivyo anavyotazama harusi. Mambo ya ukumbini hayamhusu.

Desemba nyumba itajaa, wa Dar na wa Mwanza wote wanapanda. Nina kiboksi cha Android kisicho na kazi, na kama kuna kitu kidogo cha kununua nitanunua. Nifanyeje?

dogo_njiro, Arusha

Mkuu unajitesa. Badili zote ziwe MP4, futa ISO, weka kwenye flashi, maisha yaendelee. Menyu ziliondoka na deki. Au weka Plex, programu ya kurusha video nyumbani, uwe unatazama hadi kwenye simu.

FundiKaloleni, Arusha

Dogo, Plex haichezi ISO, wala ile folda ya VIDEO_TS. Utampeleka mwenzako huko arudi analia. Na hiyo ya kufuta ISO kabla hata hajajua kilichomo, mh.

KitindaMimba, ukiona ISO usifikirie video. Hiyo ni diski nzima imegeuzwa kuwa faili moja, kila kitu kiko pale pale kilipokaa siku diski inachomwa: picha, sauti, menyu, alama za kuruka. TV yako inatafuta video, haitafuti diski. Umempa mtu gunia limeshonwa mdomo halafu unashangaa mbona hapiki.

Kukatika kila dakika 25 kuna sababu. Kanuni ya DVD ni kwamba VOB moja haivuki GB 1, kwa hiyo mkanda wa saa mbili umekatwa vipande vinne au vitano. Anayejua kipande gani kinafuata kipi, na menyu ikibonyezwa iende wapi, ni zile faili ndogo za IFO ulizoziacha. BUP ni nakala yake ya akiba. Deki ilikuwa inasoma IFO kwanza. TV yako haiijui, inaona VOB tano zisizo na undugu.

Flashi nayo hujarogwa. Imepangwa kwa FAT32, ambayo haipokei faili moja ya kuanzia GB 4 hata nafasi iwe tele. Iformati kwa exFAT. Itafuta kila kitu, toa vyako kwanza, na hakikisha kiboksi chako kinaisoma exFAT maana vingine havitaki.

Sasa fanya hivi. Leo hii, kabla hujagusa TV, weka VLC, programu ya kuchezea video, kwenye laptopu, chukua ISO ya kaka uiburute uiachie juu ya dirisha la VLC. Kama menyu ya mama imekuja, ujue ISO ni nzima na vita nusu umeshinda. Zipitie zote hivyo. Usitazame mkanda mzima, fungua menyu, ruka katikati, ruka mwisho, funga, andika kwenye daftari ni ya nini.

Baada ya hapo weka Kodi kwenye kiboksi. Ni programu ya bure ya kuchezea video, ndiyo ile ya zamani iliyoitwa XBMC mpaka 2014. Inacheza ISO pamoja na menyu yake, na mishale na kitufe cha OK vya rimoti vinafanya kazi kama kwenye deki. Chomeka diski ya nje, ingia kwenye Video, ongeza chanzo, mwonyeshe folda. Itakuuliza humo kuna nini, filamu au tamthilia. Jibu hakuna. Ukisema filamu, itakwenda intaneti kutafuta taarifa za harusi ya kaka yako.

Kasi isikutie hofu, DVD haizidi megabiti 10 na ushee kwa sekunde, tundu lolote la USB linatosha.

KitindaMimba

Fundi, Mungu akubariki. Menyu imekuja kwenye VLC! Maua, wimbo, kila kitu. Nimekaa na daftari mpaka saa saba usiku.

Kwenye Kodi nilijifanya mjuaji nikachagua filamu. ROSE.iso ni send-off ya dada yangu. Sasa hivi dada yangu ni mzungu mwenye nywele nyekundu, na chini kuna maelezo marefu ya mapenzi yaliyovunjika. Nimempigia picha nikamtumia, ameniambia nisithubutu kuirekebisha mpaka mume wake aione.

Shida mbili zimebaki. Diski ya nje ikiwa kwenye kiboksi inalia tik, tik, tik, inaonekana sekunde mbili inapotea. Kwenye laptopu iko salama. Na zile nane hata VLC imezishindwa.

FundiKaloleni

Tik tik ni njaa ya umeme. Tundu la USB 2.0 kwa kawaida linatoa miliampia 500, na diski ya kuzunguka inataka zaidi ya hapo inapowaka. Usiendelee kujaribu, utaiua. Nunua kigawanyio cha USB chenye adapta yake ya ukutani. Kama huna, iache diski kwenye laptopu, shirikisha folda kwenye waifai ya nyumbani, na Kodi itaiona kupitia SMB, ile njia ya Windows ya kushirikisha faili. Ila kwa mama nakushauri kigawanyio, laptopu italala katikati ya misa.

Majina badili bila woga. ISO ukiiita "2006 Harusi ya kaka mkubwa" ndani hakitikisiki kitu. Ila ukifungua ndani, VOB na IFO usizibadili jina hata herufi moja. Na kwa kuwa mama anapenda picha, tengenezea kila ISO folda yake, piga picha ya ile albamu kwa simu, iingize kwenye folda kwa jina folder.jpg. Kodi itaonyesha hiyo badala ya kifolda cha kawaida. Na mapenzi yaliyovunjika yataisha ukibadili chanzo kiwe hakuna, kikikuuliza kama kiondoe vilivyokwisha ingia, kubali.

mzee_wa_kamera, Arusha

Nimesoma nimecheka, na kidogo nimeumia. Nilipiga harusi Arusha na Moshi kuanzia enzi za MiniDV, kaseti ya saa moja, unabadilisha bibi harusi akiwa ndiyo anaingia. Kijana anayesema menyu ziliondoka na deki hajui. Kukata mkanda kulinichukua siku mbili, menyu usiku mzima. Ule wimbo wa chini ni sekunde 30 tu zinajirudia, lazima mwisho uungane na mwanzo bila kusikika. Na picha za menyu hazikuwa zangu kuchagua. Mama wa bwana harusi anakuja studio anakaa kwenye kiti, anasema hapana, hiyo nimefumba macho.

Tuje kwenye nane. Zitazame ukubwa. Kama nyingi ziko chini ya MB 800, na ni za 2003 au 2004, hizo hazikuwa DVD. Ni VCD, yaani video iliyochomwa kwenye CD ya kawaida. Wakati ule wateja wengi walitaka VCD kwa sababu deki zake ndizo zilizojaa na CD tupu zilikuwa rahisi. Mkanda wa saa mbili ulitoka CD mbili.

VCD haiingii kwenye ISO. ISO inahesabu diski kwa vipande vya baiti 2,048, nyumba zote ukubwa mmoja. Video ya VCD inakaa kwenye vipande vyenye baiti 2,324 za mzigo, kwa sababu walipunguza ulinzi wa makosa ili wapate nafasi ya picha. Programu ya yule kijana imepunguza kila kipande ili kitoshe, imekata miguu ya wote waliolala kitandani. Hiyo faili haiponi, usihangaike nayo. Ukitaka nakala kamili ya VCD, ni jozi ya faili za BIN na CUE.

Lakini kwako huhitaji hata hizo, maana VCD zetu za harusi hazikuwa na menyu. Rudi kwenye CD yenyewe. Ifungue kwenye kompyuta, ingia folda ya MPEGAV, utakuta AVSEQ01.DAT. Inakili kama faili nyingine yoyote. VLC inaicheza. Picha ni ndogo, 352 kwa 288, usitegemee miujiza kwenye TV ya inchi 50, mkae mbali kidogo.

Kabla hujaiweka, ioshe. Maji ya bomba, tone la sabuni ya vyombo, kitambaa laini, futa kutoka katikati kwenda ukingoni. Usizungushe kama unaosha sahani. Mkwaruzo unaozunguka unafuata njia ya data, unameza kipande kirefu. Unaokatiza, kisomaji kinaweza kuuruka. Na kama kuna stika ya karatasi juu yake usiibandue, utabandua na harusi.

KitindaMimba

Shikamoo mzee. Umepiga penyewe, sita kati ya nane ziko kati ya MB 600 na 740. Ya saba ni jubilei, hiyo ni DVD kweli, GB 2.1 na wenzake wa jubilei wana GB 4. Ya nane ina KB 40 tu, sijui ni nini, kwenye kasha imeandikwa "KWAYA" kwa maka pen.

mzee_wa_kamera

Marahaba. Hiyo ya KWAYA iweke kwenye redio.

FundiKaloleni

Hahaha, mzee kamaliza. CD ya muziki haina faili ndani, ina nyimbo tu kwenye mstari, kwa hiyo haina ISO. Itoe kwa programu yoyote ya kunakili CD za muziki, chagua FLAC, isiyopunguza ubora wa sauti, kama una nafasi.

Jubilei iliishia njiani. Programu ilikutana na mkwaruzo ikakata tamaa, na kijana hakuangalia ukubwa. Dawa yake ni ddrescue, programu ya kuokoa data kwenye diski mbovu. Washa laptopu kwa flashi yenye Ubuntu, weka kifurushi kinachoitwa gddrescue, ingia kwenye diski ya nje, halafu:

ddrescue -n -b 2048 /dev/sr0 jubilei.iso jubilei.map

Hii inavuna kwanza palipo pazima, bila kung'ang'ania pabovu. Ikimaliza, duru ya pili:

ddrescue -d -r 3 -b 2048 /dev/sr0 jubilei.iso jubilei.map

Hapo inarudi kwenye mabovu, mara tatu tatu. Ile faili ya .map ndiyo kumbukumbu yake ya wapi imefika, usiifute. Umeme ukikatika saa nane usiku, asubuhi unarudia amri ile ile na inaendelea ilipoachia. Tena ukimaliza na ukaazima kisomaji kingine, endesha amri hiyo hiyo juu ya faili hizo hizo. Kipande alichokishindwa huyu, mwingine anaweza kukisoma.

dogo_njiro

Wazee nimenyoosha mikono. Ila kweli hamna haja hata ya MP4 moja? Shangazi yangu yuko nje, simtumii GB 4 kwa bando.

FundiKaloleni

Ipo, ila inatoka kwenye ISO, haiji badala yake. MakeMKV inafungua ISO na kukutolea video ndefu kuwa faili ya MKV bila kugusa ubora, na kwa DVD ni bure. Menyu inabaki nyuma. Ukitaka iwe ndogo ya kutuma, hiyo MKV ipitishe kwenye HandBrake, programu ya kubana video. Mikanda ya harusi haina kufuli, inafunguka tu. Ila usisahau kuwasha kichujio chake cha Decomb. Kamera zile zilipiga nusu picha mara 50 kwa sekunde, mistari isiyogawanyika kwa mbili kisha inayogawanyika, na kwenye kioo cha leo watu wakicheza mikono inaota meno kama kitana. Nimeona send-off ya mtu imebadilishwa bila hilo, wifi mzima anatikisa vitana viwili.

mzee_wa_kamera

Na ukishabadilisha hivyo vitana havitoki tena. Ndiyo maana nasema ISO isifutwe.

KitindaMimba

Narudi na taarifa, wiki mbili baadaye.

Laptopu yangu haina tundu la CD, nikaazima kisomaji cha USB kwa mwalimu mwenzangu. VCD sita zimetoka zote, moja baada ya kuoshwa mara tatu. Jubilei ddrescue imeivuna usiku kucha, umeme umekatika mara moja kweli, asubuhi nikarudia amri na ikaendelea kama haikutokea kitu. Zimebaki MB 3 hazisomeki. Nimezitafuta kwenye picha, ni pale baba anapokata keki, uso unavunjika vunjika kwa sekunde chache halafu anarudi akiwa na kisu mkononi.

Ile KWAYA ni kanda ya sauti ya mwaka ambao mama hakumbuki. Kaisikiliza nzima amesimama, akitaja majina: huyu ni fulani, huyu katangulia, huyu kahamia Rombo.

Jana nimepanda Kibosho na kiboksi, kigawanyio na diski. Nilimpa mama rimoti sikusema kitu. Picha za albamu zikatokea zimepangwa, akapita harusi zote polepole, akarudi ya kaka mkubwa, akabonyeza. Maua yakaja, wimbo ukaanza. Akaniuliza mbona wimbo umechelewa, enzi za deki ulikuwa unawahi. Mzee wa kamera, naona alikuwa anauhesabu. Akashuka hadi Kanisani, kwaya ikaimba beti zote, akazima, akanirudishia rimoti akaenda kukatia ng'ombe majani.

Nina ISO 41 hazijapata jina.